Nakala Nyumbani kwa Mke Mwenzangu

Sikusoma zaidi ya darasa la nne na chuo cha Kurani, lakini duka langu la cherehani hapa Bagamoyo limevisha maharusi kutoka Kerege mpaka Vigwaza. Vipimo nilikuwa naviandika daftarini. Mchwa walipolila daftari, mjukuu wangu akahamishia kila kitu kwenye kompyuta. Mtoto huyo amesomea mambo hayo, ana cheti, na nikikaa na wanawake wenzangu siachi kukitaja.

Siku moja akanikalisha kama mgonjwa anayengoja majibu.

"Bibi, kompyuta ikifa, vipimo vimekufa. Tuweke nakala. Moja kwenye diski, moja kwenye flashi, moja mtandaoni. Na flashi ilale nyumba nyingine."

"Nyumba ya nani?"

"Ya bibi mdogo."

Bibi mdogo ni mke mwenzangu. Mume wetu alikufa zamani, akatuachia ugomvi ambao tunautunza kuliko kaburi lake.

"Yule? Hata kibiriti haazimishi!"

"Ndiyo maana, bibi."

Nikakataa, nikachagua mwenyewe. Diski ikae kabatini na kompyuta, nisihangaike kuitafuta. Flashi nikampa shoga yangu, mwanamke mwenye roho nzuri ambaye mlango wake haufungwi. Ya mtandaoni nikairidhia, mradi itumie bando la dukani. Bando lenyewe nilikuwa nalimaliza mimi kabla ya adhuhuri kwa tamthilia za Kituruki, na sikumwambia mtu.

Baada ya Idi ikaja kazi ya Kiwangwa: sare arobaini za harusi. Nikapima watu wote, mjukuu akaandika. Kitambaa kililetwa cha kutosha tu, na dukani kilikonunuliwa kilikuwa kimekwisha. Nikikosea mkasi, mtu anakwenda harusini na gauni la mwaka jana. Siku tisa kabla ya harusi, mvua ikatoboa paa juu ya kabati. Kompyuta ikanywa maji, diski nayo ikanywa, zimelala pamoja kama nilivyotaka.

"Si tuna ya mtandaoni?" nikasema.

Mjukuu akafungua simu. Nakala ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Ramadhani. Akanitazama. Nikatazama paa.

Tukaenda kwa shoga yangu. Flashi akaitoa kwa tabasamu, tukaichomeka. Taarabu tupu! Alikuwa amemwazimisha mpiga muziki wa jirani, naye akafuta yaliyokuwamo ili nyimbo zienee.

"Shoga, mbona hukuniambia yana maana?" akauliza, huku ananimiminia chai.

Tukapiga simu Kiwangwa, kila mwanamke ataje vipimo vyake. Wote wakawa na kiuno cha nyigu. Shangazi wa bibi harusi, ambaye futi ilimzunguka ikagoma kukutana, akanitajia inchi ishirini na sita.

Ndipo mjukuu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, usikasirike. Bibi mdogo nilimpelekea flashi nyingine, na kila Alhamisi naenda na kompyuta kwake kuijaza."

Nilikasirika. Kisha nikavaa baibui langu jipya, tukaenda.

"Karibu, bi mkubwa. Umepotea njia?"

"Nimefuata vipimo vyangu."

Akafungua sanduku lenye kufuli mbili, akatoa fundo la kanga, na ndani yake flashi. Sijawahi kuufurahia ubahili wa mtu kama siku ile. Nikanyoosha mkono.

"Haitoki humu ndani," akasema. "Mtoto aliniambia asipewe mtu."

"Mimi ndiye mwenyewe!"

"Hasa wewe."

Mjukuu akaazima kompyuta kwa jirani, akaja kuichomeka pale pale sebuleni. Majina arobaini yakatokea, na viuno vya kweli. Nikamshukuru mke mwenzangu.

"Na gauni langu utalishona lini?" akauliza.

"Gauni gani? Sikukuahidi gauni."

"Basi mtoto achomoe."

Nikatoa futi mkobani, nikampima.

Sare zote arobaini zilifika Kiwangwa kabla ya nikahi, na shangazi mtu alipumua vizuri ndani ya yake. La mke mwenzangu ndilo halijaisha. Amelirudisha mara mbili, eti mikono inambana. Haimbani hata kidogo. Nitaifumua tena, maana flashi bado iko kwake.