Bampa la Damu ya Mzee

Kwa miezi minane fundi alipokea magari meupe, meusi na ya rangi ya fedha tu. Likija jekundu, alisema rangi imeisha. Likija la kijani, alisema ana safari, ingawa mtaa mzima ulijua safari yake ndefu kuliko zote ilitoka kitandani ikaishia karakana, ua mmoja katikati. Watu walisema anaomboleza. Aliwaacha waseme.

Kisha Jumatano moja asubuhi likaja gari dogo la spoti, la milango miwili, likiendeshwa na mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alikuwa mama mwenye mvi kutoka mtaa wa mbali, aliyeshika chaki miaka thelathini ndipo akajinunulia ujana wake.

"Hodi, fundi! Nimegonga nguzo ya geti langu mwenyewe. Usicheke."

"Sijacheka, mwalimu."

"Wewe hujacheka. Masharubu ndiyo yanayocheka."

Bampa la mbele lilikuwa limepasuka, ufa wa shibiri nzima, kutoka tundu la taa ya chini hadi ukingoni. Fundi aliupitishia kidole polepole.

"Si walisema usipoziba ufa..." alianza mwalimu.

"Utanunua bampa," alimaliza fundi.

Mwalimu alicheka, kisha akachungulia ndani ya karakana. "Na mama hajambo? Rangi hii ni mkono wake. Damu ya mzee kama hii sijaiona kwenye gari jingine. Mwambie anichanganyie ileile."

"Hajambo," alisema fundi.

Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia hodi akiwa usingizini. Alipotaka kulirudisha, mwalimu alikwisha kumkabidhi ufunguo. "Jumamosi nitakuja kumsalimu," akasema, akaondoka kwa miguu kuelekea kituo cha basi.

Fundi alibaki ameshika ufunguo. Mkewe alikuwa kaburini tangu miezi minane iliyopita, naye fundi alikuwa amemwahidi mtu rangi ya mkono wa marehemu.

Zaidi ya mkewe, hakuna aliyejua kwamba macho ya fundi, tangu utotoni, hayakutofautisha nyekundu, kahawia na kijani. Kwake zote zilikuwa udongo, mmoja mkavu, mwingine umenyeshewa. Mkewe aligundua mwezi wa pili wa ndoa, mumewe alipomletea kitambaa cha kichwa cha kijani na kukisifu kwa wekundu wake. Hakumcheka mpaka mwenyewe alipocheka. Tangu siku hiyo mume aliziba na mke akachanganya, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihesabu matone. "Ongeza. Ongeza. Basi, hapo hapo." Hakuandika kitu. Wateja wengi walidhani amekuja kumpigia mumewe soga.

Kuziba hakukumshinda. Alilifungua bampa, akalilaza kifudifudi juu ya blanketi kuukuu, akatoboa kitundu mwisho wa ufa ili usizidi kutembea. Akasoma herufi zilizochapwa mgongoni mwa bampa, maana plastiki haishikani na isiyo ya ukoo wake, akakata ukanda kutoka bampa bovu la ukoo uleule. Alizamisha chuma cha moto katika ufa, akauyeyusha pande zote mbili, akafukia wavu mwembamba wa waya, akayeyushia ukanda juu yake. Moshi ulimchoma macho. Aligeuza upande wa mbele, akachimba mfereji mdogo, akaujaza, akapaka puti, akapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa na kitu. Mara mbili aligeuka kuitazama ndoo ili aseme, "Umeona?" Ndoo ilikuwa palepale, imepinduliwa.

Ijumaa alichanganya rangi. Alipaka kadi moja, akaiweka juu ya boneti penye jua. Ikalingana. Akaongeza tone, akapaka ya pili. Nayo ikalingana. Alipaka kadi kumi, na kadi zote kumi zilimwambia ndiyo. Afadhali moja ingemkatalia.

Mlango wa pili palikuwa na fundi cherehani, mjane, aliyezoeana na marehemu kama ndugu. Fundi alisimama kizingitini pake, kadi zimefichwa mgongoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Karibu, shemeji. Leo jua limetokea wapi? Suruali imekuchanikia mahali pabaya?"

"Macho yamechoka kidogo. Nilitaka unitazamie rangi."

Mama huyo alisimamisha cherehani. "Yamechoka, au hayajawahi kufanya kazi?"

Fundi alizisogeza kadi zaidi mgongoni.

"Miezi minane naona meupe na meusi tu hapo kwako. Mwanzoni nilisema ni msiba. Halafu nikakumbuka ulikuja mazikoni na soksi moja ya kijani, moja ya kahawia. Marehemu asingekuruhusu utoke hivyo. Lete hizo kadi."

Aliongozana naye hadi karakana, akaziegemeza kadi kwenye ubavu wa gari, moja moja, kama anavyoegemeza uzi kwenye kitambaa. "Hii ni kutu. Hii maharage yaliyoungua. Ukimpakia mwalimu hii, gari litakuwa limevaa kiatu cha jirani." Akavuta ndoo, akakaa. Fundi alinyoosha mkono kumzuia, kisha akauchukua mkebe wa rangi.

"Haya, tia nyekundu. Tia tena. Nyeusi kidogo, usiimwage kama mchuzi. Tena. Subiri..." Aliisogeza kadi mpya juani. "Imetosha."

Fundi alisubiri neno jingine, lile la 'hapo hapo' alilolizoea kwa mkewe. Halikuja. Alinyanyua bunduki ya rangi akaanza kupuliza.

Jumamosi mwalimu alizunguka gari lake mara tatu. Alichuchumaa, akavaa miwani, akatafuta ufa kwa ukucha, akaukosa.

"Mkono wa mama haujabadilika! Yuko wapi nimshukuru?"

Ilikuwa rahisi kusema ametoka. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Mwalimu, mke wangu alifariki. Ni miezi minane sasa. Nilikudanganya."

Hakuwahi kulisema neno hilo kwa kinywa chake. Wengine walimsemea, msibani, simuni, mlangoni. Mwalimu alivua miwani.

"Pole, baba. Pole sana." Akageukia bampa, akauliza, "Sasa rangi hii ni ya nani?"

"Ya shemeji wa mlango wa pili. Mimi sizioni rangi, mwalimu. Sikuwahi kuziona."

Mwalimu alipitisha kiganja juu ya bampa pale ulipokuwa ufa, kisha akamshika fundi mkono kwa mikono miwili, akachukua ufunguo wake, akaingia garini. Gari lilikata kona.

Fundi alirudi ndani. Kwenye ukucha wa kidole gumba lilibaki doa la rangi. Alilisogeza penye jua, akaliona udongo, udongo wa kunyeshewa. Kitambaa chenye mafuta ya taa kilikuwa mkononi, lakini hakulifuta. Aliketi chini, kando ya ndoo.