Samli ya Mama na Kioo cha Bwana Mkubwa

Sisi tuliokulia Voi miaka ile ya hamsini tuliyajua magari ya harusi kwa maua yake ya karatasi, yaliyobandikwa kwa uji mzito wa unga. Shida ni kwamba kabla bibi harusi hajafika kona ya pili, nusu ya maua yalikuwa barabarani yakitafunwa na mbuzi.

Shangazi alipoolewa, baba, aliyekuwa dereva wa shamba la mkonge, aliruhusiwa kutumia gari la bwana mkubwa. Sisi wasichana tukaapa hakuna ua litakaloanguka. Tukachukua ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, tukabandika maua pembeni kote mwa kioo cha mbele. Halikuanguka hata moja, nasi tukasifiwa mpaka tukavimba kichwa.

Kesho yake karatasi zilibanduka, ulimbo ukabaki. Jua la Voi lilikuwa limeupika. Maji ya moto, sabuni ya mche, kucha zetu, wapi! Wembe baba alikataa, usije ukakwaruza kioo. Na jioni bwana mkubwa alikuwa anashuka stesheni kutoka Mombasa. Dereva aliyemtangulia baba alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba.

Mama, mimba ikiwa kubwa, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha samli aliyojiwekea ya kutia kwenye uji wa uzazi.

"Mama Wakesho, hapana," baba alisema. "Hiyo ni yako."

"Kazi ikienda, nitailia wapi?"

Tukapaka, tukangoja, tukasugua kwa kitambaa. Ulimbo ukalainika, ukatoka. Kisha tukatumia jivu na maji kuondoa mafuta. Bwana mkubwa alipanda gari bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yetu.

Mdogo wangu alizaliwa wiki ileile. Mama alikunywa uji mtupu, na baba, mwanamume wa enzi zile, aliketi kitandani akimnywesha kwa mkono wake, mbele ya wanawake waliokuja kumpongeza. Sikuwa nimewahi kuona jambo kama hilo, na linanifurahisha hadi leo.

Siku hizi mjukuu wangu hujaza stika kwenye kioo cha gari lake. Akizichoka, ananyunyiza dawa ya kopo na kufuta huku akiongea na simu. Ni rahisi, sikatai. Mkewe alipojifungua, mjukuu alimtumia picha ya moyo mwekundu kwa simu, akaandika kwamba anampenda, na najua anampenda kweli. Ila uji nilimpelekea mimi.