Neno Mti

Nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote, na neno lililowahi kunitia hofu kuliko yote ni lile la kwanza kabisa katika fani yangu: mti. Kwetu Moroni, kisiwani Ngazija, husemwa mri. Mutsamudu, kisiwani Nzwani, husemwa mwiri. Morogoro, nilikosomea, nilifundishwa kusema mti. Utacheka. Hata mimi na mke wangu tulikuwa tukicheka, kabla nchi yetu ya visiwa haijakatika vipande.

Nilipelekwa Nzwani kuchunguza kwa nini mito inakauka. Jibu halikuhitaji shahada: milima ilikuwa imenyolewa, na kuni zake zimeishia chini ya mapipa ya kuchemshia maua ya mlangilangi, yanayotolewa mafuta ya manukato. Lakini wakubwa hutaka ushahidi, basi nikawa napanda milima na keekee yangu, chuma chembamba chenye tundu ndani, natoboa shina na kuchomoa kijiti cha mbao nipate kusoma jinsi mti ulivyokua. Nikaoa Mutsamudu, nikahamia nyumba ya mke kama ilivyo desturi yetu, ndani ya vichochoro visivyopitika ila kwa miguu. Yeye alisema kwa lugha yake, mimi kwa yangu, tukaelewana. Binti yetu alipoanza kuokota maneno, aliokota kotekote.

Kisha Nzwani ikatangaza kujitenga. Wanaume wenye bunduki waliweka kizuizi kwenye njia ya kwenda Ouani, uliko uwanja wa ndege, na kila waliyemshuku walimtaka ataje vitu kwa majina yake. Ukitaja kwa Kingazija, unashushwa garini. Mtu mmoja wa kwetu alishushwa, na mkewe hakuambiwa amepelekwa wapi. Majirani wakaanza kupita mlangoni petu bila salamu. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Kila hatua niliyoisikia kichochoroni, hata ya mbuzi, ilinipeleka kukagua komeo la mlango.

Tukaamua kuondoka kwenda Moroni, na mke wangu akaanza kunifunza. "Sema mwiri."

"Mwiri."

"Hapana. Unalisema kama umevaa nguo ya kuazima. Tena!"

Mtafiti mzima, na shahada zangu, nikakaa jikoni kujifunza kutamka kitu nilichokisomea.

Pale kizuizini kijana mmoja alifungua mkoba wangu, akatoa keekee, akaigeuza juani. "Hiki cha nini? Cha bunduki?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mri ikanijia kwenye ncha ya ulimi, nikaimeza. Mwiri ikanikimbia. Nikatoa lililobaki.

"Mti," nilisema. "Cha kupimia mti."

Mke wangu alifumba macho, akamkaza mtoto kifuani. Mzee mmoja miongoni mwao, aliyewahi kuuza karafuu Unguja, akasogea, akaniuliza kwa Kiswahili: "Wewe mtu wa wapi?"

"Nimesomea bara, mzee wangu. Morogoro."

Sikudanganya hata neno moja. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe. "Mwacheni mgeni apite na mkewe," aliwaambia wenzake. Nilirudishiwa keekee yangu, na sikuiachia mkononi mpaka tuko angani.

Nilidhani hofu tumeiacha Ouani. Kumbe. Mazungumzo ya amani yalipovunjika, vijana wa Moroni, vijana wa kwetu, wakaanza kuwasaka watu wa Nzwani mitaani. Mke wangu alikwisha kuificha shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwao, chini ya godoro. Walitusimamisha karibu na soko la Volovolo. Mmoja akamwonyesha mke wangu mti uliokuwa kando ya barabara. "Ule ni nini?"

Nikafungua mdomo nimjibie. "Wewe nyamaza. Ajibu mwenyewe."

"Mri," alisema mke wangu, safi, utadhani amezaliwa mtaa wa pili. Wakatupisha.

Nyumbani alikaa mkekani. Nilimuuliza amejifunza lini kulisema vile.

"Miaka yote nakusikia," alisema. "Lakini leo nimejiona nimemkana mama yangu mbele ya watu." Akalia, nami nikalia naye.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa akianika nguo. Mtoto akanyoosha kidole kwenye mpapai wa uani, akatabasamu, akafungua kinywa ataje alichokiona. Mimi na mama yake tulimrukia kwa pamoja, tukamziba mdomo, wala hatukujua angesema lipi.