Zamu ya Alhamisi

Babu alipostaafu udereva alinunua Kombi kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda na jiko la mafuta ya taa. Spea zilikuwa zimeanza kuonekana tena madukani, basi akapanga yeye na Bibi wazunguke nchi kiangazi chote, kutoka Same mpaka Mbeya.

"Na choo, Babu?" nikauliza. Hakucheka mtu.

"Zamu yetu ya ndiva, nani atafungulia maji?" Bibi akasema. Ukikosa zamu, maji ya bwawa lile yanakwenda kwa jirani, migomba yako inakauka.

"Mjukuu wako."

"Huyu? Juzi kafungulia akaenda kucheza mpira, tukamwagilia njia! Nitamwona Alhamisi. Akiharibu, mimi siendi."

Alhamisi asubuhi nilifungulia maji, Bibi kasimama ukingoni, mikono kiunoni. Babu alikuwa kwenye Kombi, hata honi hakuthubutu kupiga. Niliyakimbiza maji kwa jembe, mfereji hadi mfereji. Utani ulinijaa mdomoni, nikaumeza wote.

Maji yalipofika mgomba wa mwisho, Bibi alishuka taratibu, akaingia garini.

"Mzee, washa upesi, kabla huyu hajafungua mdomo."