Saa Moja ya Lisbon

Jumapili jikoni kwetu Schaerbeek, mtaa wa Brussels, kulinuka sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, harufu iliyoganda kwenye mapazia hata mama akifungua madirisha yote. Nilikuwa na miaka kumi, na dada yangu Odette alikuwa anaolewa Lisbon. Baba, mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee, alikuwa na zamu Jumamosi ya harusi hadi saa nne asubuhi. Ndege pekee ambayo angeweza kuiwahi iliondoka saa saba mchana, na ndoa ilikuwa saa kumi. Asipofika, atakayemwingiza Odette kanisani ni mdogo wa baba, Tonton Faustin, ambaye angesafiri nasi Ijumaa na ambaye, kusema kweli, alikwisha kununua suti.

Tonton alijua kila kitu, au ndivyo alivyojiona. Brussels hadi Lisbon, alieleza huku akimega bukari, ugali wa kwetu, ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia saba. Ndege haiwezi kutumia chini ya saa mbili na dakika arobaini na tano. Basi baba atatua saa kumi kasorobo, na kabla hajatoka uwanjani pete zitakuwa zimevishwa. Tiketi ilionyesha kwamba atatua saa tisa kasorobo, lakini Tonton aliicheka. Ulaya nzima aliiona kama mtaa tu mbele ya ukubwa wa Congo.

“Bon, Ulaya ni moja, saa yake ni moja,” alisema. “Donc bale bantu ya ndege banakosea.”

Baba akaanza kuikunja tiketi. Nilipouona uso wake nilikasirika. Kwetu mtoto habishani na wakubwa mezani, lakini kila wiki mimi ndiye niliyempigia simu bibi Lubumbashi, kisha shangazi Kinshasa, na nilijua nchi moja inaweza kuwa na saa mbili.

“Tonton, Lisbonne iko nyuma na une heure, saa moja nzima,” nikasema. “Sawa vile Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi.”

Mama alinikata jicho. Lakini kuuliza si ujinga: baba akampigia Odette, akamuuliza jambo moja tu, kule ni saa ngapi. Saa yetu ya ukutani ilionyesha kumi na mbili jioni. Odette akajibu kumi na moja. Baba aliirudia kwa sauti mara mbili, akaninyanyua hadi kichwa changu kikagonga taa. Asiyekubali kushindwa si mshindani; Tonton alicheka kuliko wote, akanipa kipande chake cha samaki.

Jumamosi ile baba aliingia kanisani dakika kumi kabla ya saa kumi, jasho likimtoka, tai imekwenda upande, akamshika Odette mkono. Nilijivuna waziwazi, wala sijatubu. Siku hizi simu hujirekebisha saa yenyewe ndege ikitua, na wanangu hawabishani na mtu yeyote kuhusu safari. Nawaonea huruma kidogo. Hawatajua raha ya kumpa baba yao saa nzima.