Nafasi Isiyo ya Mtu

Miaka kumi na saba alipiga pasi kwa dobi mmoja, hadi majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Bi Pasi. Dobi alipofariki, wanawe waliuza mashine na chumba. Bi Pasi akabaki nyumbani na binti anayesoma chuo, na mikono isiyojua kukaa bure. Akajiandikisha kwenye posho ya serikali ya wasio na kazi.

Mwaka uliofuata ikatoka amri mpya: anayetaka posho aitolee jasho, siku nne kwa wiki, mahali atakapopangiwa.

Kaka yake, dereva wa lori, alifurahi. "Sasa wamesema la maana," alisema, ameegemea mlango wa jikoni. "Mtu mzima na afya yake, apewe hela kwa kukaa tu?"

"Nani amekwambia nimekaa?"

Lakini moyoni hakumbishia sana. Kazi hakuwahi kuiogopa.

Alipangiwa chumba cha kufulia cha hospitali. Alipewa kizibao cha manjano kilichoandikwa mgongoni MSHIRIKI, na fomu ya kusaini kila Ijumaa. Mstari wake wa mwisho ulisema: "Nathibitisha kwamba nafasi hii haikuwa ya mwajiriwa yeyote." Akasaini. Wiki hiyo ilikuwa kweli.

Humo ndani walikuwamo wafuaji wanne wa kuajiriwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutetemesha madirisha, nao walimwita Kishindo. Ndiye aliyemfundisha mashine ya kukamulia na namna ya kutenga mashuka.

"Yenye damu usiyatie maji ya moto, mdogo wangu. Moto unaigandisha. Hata ulie, haitoki."

Mchana walikula pamoja, wamekaa juu ya marobota ya nguo safi, Kishindo akimsimulia habari za mama yake aliyelala kitandani tangu apooze.

Washiriki wakaongezwa. Wawili, kisha watano. Mwezi wake wa tatu hapo, Jumatatu moja, wale wanne hawakuonekana.

"Mikataba yao imekwisha," alisema msimamizi, bwana mwembamba asiyemtazama mtu usoni.

"Na kazi yao nani anafanya?"

"Si mpo nyinyi?"

Jioni hiyo Bi Pasi alikwenda nyumbani kwa Kishindo. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Umekuja kunionyesha kizibao?"

"Dada, mimi sikujua..."

Mlango ukafungwa. Alirudi kwa miguu njia nzima, na hasira isiyojua imwangukie nani. Ijumaa akasaini tena. Binti yake alikuwa anangoja ada. Akajichukia.

Wiki sita zikapita. Ijumaa asubuhi mlango wa chumba cha kufulia ulifunguliwa, akaingia Kishindo, kimya, amevaa kizibao cha manjano kilichomkaba mabegani. Msimamizi alimgeukia Bi Pasi.

"Mwonyeshe mgeni mashine."

Bi Pasi alibonyeza kitufe cha kuzimia. Pipa la mashine likazunguka taratibu, likasimama.

"Mgeni nani? Huyu ndiye aliyenifundisha mimi! Mmemfukuza kwa mlango wa mbele, mnamrudisha wa nyuma afanye kazi ileile bila mshahara, halafu mnaniambia mimi nimwonyeshe mashine? Huna haya?"

"Punguza sauti. Hujalazimishwa, mlango uko wazi."

Muuguzi wa chumba cha upasuaji alichungulia akiulizia magauni ya madaktari. Bi Pasi alimeza maneno. Aliyelala juu ya meza ya upasuaji hakuwa na kosa. Aliyakunja magauni yote, meno yameumana, akayakabidhi, akavua kizibao na kukitupa kwenye kapu la nguo chafu. Kisha akaenda moja kwa moja ofisi ya posho, aproni bado imelowa.

"Hujasaini," alisema afisa nyuma ya kioo, akiigeuza fomu yake ya wiki.

"Sisaini uongo."

"Ni utaratibu tu, mama. Wote wanasaini."

"Ndiyo maana mmetuweza."

Alichukua kalamu, akaukata mstari wa mwisho, akaandika juu yake: Ilikuwa ya watu wanne. Mmoja wao mmemvisha kizibao leo.

Afisa alishusha pumzi. "Nikiipokea hivi, posho inasimama. Utaandikwa umekataa kazi."

"Kazi sijakataa! Shuka likihitaji kufuliwa, hiyo ni kazi, na mfuaji alipwe mshahara. Nilichokataa ni kufanywa fimbo ya kumchapia mwenzangu. Haya, andika."

Akaandika. Posho ikasimama.

Kaka yake alikuja kumgombeza. Aliposikia habari nzima alizungusha kikombe cha chai mikononi. "Kwa hiyo hata sisi madereva wanaweza kutuletea hao washiriki?"

"Nani atawazuia?"

Hakumaliza chai yake.

Ijumaa iliyofuata washiriki saba walikata mstari uleule. Wakubwa wa ofisi wakakaa kikao siku mbili, zikatoka fomu mpya, na mstari ule haukuwemo tena. Hilo ndilo walilolirekebisha.

Kishindo ndiye aliyeleta habari hizo, akasimama mlangoni kwa Bi Pasi bila kuketi.

"Mimi nimesaini," alisema. "Mama hawezi kungoja."

"Najua. Ila wewe na wenzako watatu mlifukuzwa, na barua za kuachishwa kazi mnazo. Zileteni."

Wanne wale wakakaa kwenye meza ya Bi Pasi, binti akaandika malalamiko kwenda mahakama ya kazi. Kesi imeahirishwa mara mbili. Kila tarehe Bi Pasi huketi benchi la mbele. Mara ya pili alipopaza sauti kuuliza kwa nini inaahirishwa tena, karani alimwambia apunguze sauti, kwamba hata shahidi hajaitwa bado.

"Basi niiteni," alimjibu, na chumba kizima kikageuka kumtazama.