Ruhusa ya Kompyuta ya Shangazi

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta kuukuu, harufu yake hunirudisha Wazo, kwa shangazi, jirani na kiwanda cha saruji, ambako vumbi la saruji liliingia hata kwenye sukari.

Kompyuta ilikaa sebuleni. Binti wa shangazi, mdogo kwangu, niliyemfungia kamba za viatu kila asubuhi, ndiye aliyepewa akaunti yenye mamlaka yote. Mie niliyeletwa kulelewa nilikuwa na akaunti ya mgeni. Programu ya kujifunza kuchapa ilikuwa ya zamani, haifunguki mpaka yeye aandike neno lake la siri. Naye haandiki mpaka nimwamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu.

Siku moja mama alikuja kutoka mkoani, akataka anione nikichapa. Nikaketi. Kikatokea kwenye skrini kile kisanduku cha kuomba neno la siri. Binti akasogea, akakunja mikono.

"Sema basi."

Mbele ya mama, mdomo wangu ukagoma.

"Anataka nini?" mama akauliza.

"Aniamkie," binti akadakia. "La sivyo haifunguki."

Mama hakuwahi kugusa kompyuta. Akadhani ndivyo mashine yenyewe inavyotaka. Akakaza khanga yake kiunoni, akamwinamia yule mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba," binti akajibu, akaandika. Programu ikafunguka. Shangazi, kwenye kochi, alikuwa ameuma mtandio asicheke.

Mama akanigeukia, uso umemng'aa.

"Haya mwanangu, chapa nikuone."